Nyeri na Nanyuki: Yafaayo Kutazamwa

Mji wa Nyeri umekaa kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na kwa miaka mingi ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati. Wageni wengi huupita mbio kuelekea mlimani. Hiyo ni hasara, maana mambo ya Nyeri hayaonekani kwa mtu mwenye haraka.

Katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro amezikwa Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki hapo Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Juu ya jiwe lake limechorwa duara lenye nukta katikati. Asiyejua hulidhani pambo. Kumbe ni alama ambayo Skauti huiacha njiani, na maana yake ni kwamba amekwenda nyumbani.

Katika msitu wa Nyandarua ilijengwa Treetops mwaka 1932, nyumba ya juu ya mti, ili wageni watazame ndovu na vifaru wakija kunywa maji usiku. Binti Mfalme Elizabeth alilala humo Februari 1952. Usiku ule baba yake akafariki, naye akawa Malkia. Hadithi hiyo kila kiongozi wa wageni huisimulia. Lakini mgeni na aulize pia habari za mwaka 1954, nyumba ile ilipoteketezwa wakati wa vita vya Mau Mau. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri, alikamatwa pembeni mwa msitu huo tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Yeye alizikwa gerezani pasipo jiwe wala alama. Kwa mtu aliyetoka kutazama lile duara kanisani, hilo ni neno zito.

Mwendo wa saa moja hivi kwa motokaa kwenda kaskazini ni Nanyuki. Kabla ya kuingia mjini, Ikweta hukata barabara, na vijana huonyesha beseni lenye tundu: kaskazini maji huzunguka hivi, kusini vile. Mchezo huo hupendeza, na mwenye kuuonyesha astahili ujira wake. Ila mwanafunzi na ajue kwamba mzunguko wa dunia hugeuza tufani kubwa za baharini, bali katika beseni nguvu yake ni ndogo mno. Maji hufuata mkono wa mmiminaji.

Cha kutazamwa hasa Nanyuki ni mlima wenyewe, wenye kilele cha Batian, mita 5,199. Barafu yake imepungua sana kuliko walivyoiona wazee. Mgeni na aamke alfajiri, kwani ifikapo saa nne asubuhi mara nyingi mawingu yamekwisha kuufunika.