Chunjua za Ng'ombe: Chanjo Husaidia Vipi?

Je, ndama wako ameota vinyama vigumu vya kijivu, mithili ya koliflawa, kichwani, shingoni au mabegani? Huenda ni chunjua, uvimbe wa ngozi unaoletwa na virusi vya papiloma. Huwapata zaidi ng'ombe walio chini ya miaka 2.

Usichanganye na mapele ngozi
Ugonjwa wa mapele ngozi huja ghafla, pamoja na homa na vinundu mwilini. Huo ripoti mara moja. Chunjua huota polepole, bila homa. Chanjo ya mapele ngozi haizuii chunjua.

Huenea vipi?
Virusi huingia kupitia mikwaruzo. Seng'enge, kamba, sindano, koleo la hereni na vifaa vya kukata pembe huvihamisha kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Chunjua zaweza kuchukua miezi kadhaa kuonekana, kwa hivyo mnyama uliyemnunua akiwa safi huenda tayari ameambukizwa.

Chanjo
Daktari wa mifugo hukata chunjua za ng'ombe wa boma lako, na maabara huzisaga na kuua virusi kwa formalini. Hutengenezwa kutokana na mifugo yako kwa sababu virusi hivi ni vya aina nyingi, na kinga ya aina moja haizuii nyingine. Ndama aweza kuchanjwa akiwa na wiki 4 hadi 6, kisha hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6, na tena akifikisha mwaka 1.

Kazi ya chanjo ni kuwakinga wasioambukizwa. Kwa aliye na chunjua tayari, matokeo si ya uhakika. Chunjua nyingi hukauka zenyewe baada ya miezi kadhaa, hivyo jihadhari na anayekuuzia "dawa ya siku tatu".

Nyumbani
• Tenga walioathirika.
• Tumia sindano mpya kwa kila ng'ombe. Vifaa vingine vioshe, kisha uvichemshe.
• Kama chunjua ziko kwenye chuchu, mkamue ng'ombe huyo mwisho.
• Usizikate mwenyewe. Zikikatwa mapema zaweza kuota upya, na kidonda huita maambukizi mengine.

Chunjua zikizidi, zikitoa damu au zikizuia kukamua, mwone afisa wa mifugo wa wadi yako.