SOMO LA KIKUNDI: MAHINDI BAADA YA MPUNGA



Somo hili ni la wale wanaolima upande wa Mbeere unaopakana na Mwea, na wengine wote wanaopanda mahindi pale walipovuna mpunga. Skimu ya Mwea ilianzishwa miaka ya 1950, na hadi leo kuna swali moja linalogawanya vikundi: nyasi ya mpunga tuichome, tuiuze, au tuirudishe shambani?

Nyasi hiyo ina nini?

Tani moja ya nyasi ya mpunga ina naitrojeni kama kilo 5 hadi 8, na potasiamu kama kilo 15. Ekari moja ikitoa tani 2, basi naitrojeni iliyomo inakaribia ile ya gunia moja la CAN la kilo 50. Potasiamu haimo kabisa katika DAP wala CAN. Kwa hiyo, anayetoa nyasi kila mwaka na kununua hizo mbili tu, kuna kitu anatoa bila kurudisha.

Ukichoma, karibu naitrojeni yote inapanda na moshi. Potasiamu hubaki kwenye majivu, lakini upepo na maji huyachukua upesi.

Mbona mahindi yangu ni ya manjano?

Wengine hulalamika: "Mimi nilifukia nyasi, na mahindi yakawa manjano!" Ni kweli, hutokea. Wadudu wadogo sana wanaoozesha nyasi nao wanahitaji naitrojeni, na nyasi ya mpunga haina ya kuwatosha. Basi wanachukua ile ya udongo, na mahindi machanga yanakosa. Ubaya si nyasi, ni kuchelewa kuifukia.

Tufanyeje?

1. Kama mpunga umevunwa Novemba au Desemba, fukia nyasi mapema udongo ukiwa bado na unyevu. Usingoje mvua ya Machi. Ikatekate kwanza, itaoza upesi.

2. Kama una ng'ombe, walishe nyasi hiyo, kisha rudisha samadi iliyooza vizuri katika shamba lile lile.

3. Udongo mweusi wa mfinyanzi hushika maji. Chimba mitaro na upande juu ya matuta, kwani mahindi si mpunga, mizizi yake ikizama hukosa hewa.

4. Ukipanda mbegu mbili kila shimo, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, kijiko cha chai kimoja cha DAP, kisichojaa kupita kiasi, kinatosha shimo moja. Hiyo ni kama gunia moja la kilo 50 kwa ekari. Changanya na udongo ili mbegu isiungue.

5. CAN weka mahindi yakifika magotini, baada ya palizi, udongo ukiwa na unyevu, na uifunike. Kama ulichelewa kufukia nyasi, igawe: weka nusu wiki ya tatu hivi baada ya kuota, na nusu magotini.

6. Usizidishe CAN ukidhani itabakia kwa mpunga ujao. Shamba likijazwa maji, sehemu kubwa ya iliyobaki hupotea hewani au huzama chini.

Na kuuza je?

Hatuwezi kumwambia mama mwenye karo ya kulipa asiuze nyasi. Wafugaji wanaitafuta na pesa ni ya mkononi. Lakini tupige hesabu: ukiuza, tenga sehemu ya pesa hiyo ya kununua samadi. Mkiweza, uzeni nusu na nusu irudi. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo mwandishi wa kikundi aandike yote mawili.

Mazungumzo ya kikundi

- Msimu uliopita nyasi yetu ilienda wapi, na ilituletea nini?
- Nani atatoa kipande kidogo tujaribu: upande mmoja kufukia mapema, upande mwingine kuchoma, mbolea iwe sawa?
- Siku ya mavuno, tutapima kwa debe gani ili pasiwe na ubishi?