Polo ya Baiskeli: Mguu Usiguse Chini

Hapa Segerea wengi tunapanda baiskeli. Je, unaweza kupiga mpira huku umeshika usukani kwa mkono mmoja?

Mchezo huo upo. Unaitwa polo ya baiskeli. Ulianzishwa Ireland mwaka 1891. Mwaka 1908 ulionyeshwa kwenye Michezo ya Olimpiki, London. Ireland iliifunga Ujerumani 3–1.

Siku hizi wengi huucheza kwenye saruji au lami, watu 3 kila upande. Mkono mmoja unashika usukani na breki. Mkono wa pili unashika fimbo yenye kichwa kama nyundo.

Mguu wako ukigusa chini, huruhusiwi kugusa mpira. Kwanza uende pembeni, usawa wa katikati ya uwanja, ugonge alama kwa fimbo. Wakati huo wenzako 2 wanapambana na watu 3.

Anayeanza hukimbia mno, akaanguka. Mzoefu hujua kwenda polepole na kufunga breki kwa wakati.

Nasi barabarani ni hivyo hivyo. Ila kule ukikosea unagonga alama, unarudi mchezoni. Huku nyuma umempakia mtoto. Kagua breki zako leo.

Maswali:
1. Mguu ukigusa chini, mchezaji afanye nini?
2. Breki zako zinashika?