Mbona Baiskeli ya Mota Inagoma Kukimbia?

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na hadithi tu, na kwamba ukitaka kuzungumzia umeme huna budi kuhamia Kiingereza. Hebu tembelea karakana yoyote ya jua kali usikilize. Utasikia mota, waya, fyuzi, beringi, cheni na eksileta, na kazi inaendelea bila mkalimani. Makala haya yatatumia maneno hayo hayo ya mafundi kuchunguza tatizo linalowasumbua watu waliotia mota ya umeme katika baiskeli ya magurudumu matatu. Chombo kinaondoka vizuri, lakini kikifika mwendo fulani kinagoma. Upinde eksileta hadi mwisho, wapi!

Wazo lenyewe si geni. Mwaka wa 1881 Mfaransa Gustave Trouvé alichukua baiskeli ya magurudumu matatu iliyoundwa Uingereza, akaitia mota na betri, akaiendesha barabarani mjini Paris. Ilikwenda kama kilomita 12 kwa saa. Sisi tunataka zaidi ya hapo, tena tukiwa tumebeba mitungi kumi ya maji ya lita 20, yaani kilo 200 kabla hujamhesabu dereva!

Kwanza tufahamu kwa nini kila mota ina kikomo chake. Mnamo 1831 Michael Faraday aligundua kwamba sumaku ikisogea karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa ndani ya koili hiyo. Sasa, ndani ya mota si mna koili na sumaku? Basi mota inapozunguka nayo huzalisha umeme wake, na Heinrich Lenz alionyesha mwaka wa 1834 kwamba umeme huo hupinga jambo lililouzaa. Tuuite umeme pinzani. Mota ikizidi kukimbia, volti pinzani nazo zinapanda. Zikikaribia kulingana na volti za betri, hakuna tena cha kusukuma mkondo, na mwendo unasimama hapo.

Tuchukue mfano. Mota inayozunguka mara 240 kwa dakika kwa betri ya volti 48 itazunguka mara 180 tu ukiipa volti 36. Gurudumu la inchi 26 husafiri mita 2.07 kila mzunguko. Fanya hesabu: kwa volti 48 ni karibu kilomita 30 kwa saa, kwa volti 36 ni kilomita 22, na hapo ni gurudumu likiwa hewani bila mzigo. Mtu anaweza kuilaani mota mchana kutwa, kumbe ameifungia betri isiyoitosha.

Jambo ninalotaka ulishike zaidi ya yote ni hili: usinunue kitu chochote kabla hujainua magurudumu ya nyuma. Egemeza chombo juu ya stendi imara, zuia gurudumu la mbele lisisogee, weka vidole na nguo mbali na cheni, kisha pinda eksileta polepole. Ikiwa magurudumu yanazunguka kwa kasi yake yote hewani lakini barabarani yanazubaa, mota inakosa nguvu au kuna kitu kinachoikaba. Ikiwa hata hewani ni kinyonga, basi kuna kitu kinachoiamuru mota iende pole, au volti hazitoshi. Jaribio hili la dakika tano linagawanya tatizo mara mbili, na linakuokolea pesa nyingi.

Tuanze na kinyonga wa hewani. Chunguza kontrola, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa mota. Kontrola nyingi zina jozi ya nyaya nyembamba ambazo zikiunganishwa, mwendo unafungwa. Mara nyingi huwa nyeupe, ila rangi hazina uaminifu. Soma karatasi iliyokuja na kontrola yako. Nyingine zina swichi ya mwendo wa kwanza, wa pili na wa tatu, na mtu huisahau kwenye wa kwanza. Kama kuna kioo cha kuonyesha mwendo, hakikisha kimeambiwa ukubwa halisi wa gurudumu. Kikidhani gurudumu ni kubwa kuliko lilivyo, kitasoma mwendo wa juu usiokuwepo na kuifunga mota mapema.

Halafu pima eksileta yenyewe kwa mita ya volti. Eksileta ya kawaida ya sumaku hupewa karibu volti 5. Waya wake wa ishara hutoa chini kidogo ya volti 1 ukiwa hujaipinda, na kupanda hadi karibu 4 ukiipinda yote. Ikiishia 2.5, kontrola inafahamu kwamba umeomba nusu tu, nayo inakutii. Na kama mota inanguruma, inatetemeka na kupata moto bila mzigo wowote, shuku mpangilio wa zile nyaya tatu nene. Huenda haziafikiani na nyaya nyembamba za vipima-sumaku vilivyomo ndani ya mota. Zima umeme kabla ya kubadilishana chochote.

Sasa tuje kwa chombo kinachopaa hewani na kuzubaa barabarani. Mshukiwa wa kwanza ni betri. Betri nne za risasi zilizojaa, zikiwa zimetulia, husoma karibu volti 51 kwa jumla. Kipimo hicho cha kutulia hakikuambii mengi. Pima kila moja chombo kikiwa kinavuta mzigo, na mwenzako akisoma mita. Tatu zikisoma 12 na moja ikishuka hadi 9, umempata mgonjwa, na huna haja ya kutupa zote nne. Gusa pia viungo vya nyaya nene: palipo na joto ndipo umeme unapopotelea. Kisha zima mota usukume chombo kwa mkono. Breki inayosugua, tairi laini au beringi kavu hula nguvu kimyakimya.

Wakati mwingine, hata hivyo, hakuna kilichoharibika. Chombo chenye kilo 350 kikipanda mlima wa mita 5 kwa kila mita 100, kinahitaji nguvu ya nyutoni 171 kushinda mvutano wa ardhi tu. Mota ya wati 500 itakipandisha kwa kilomita 10 hivi kwa saa, basi. Hapo fundi hana kosa.

Nimeacha kwa makusudi swali la kama ule waya wa kufunga mwendo ukatwe. Mimi ningesema la, si kwa chombo cha mizigo. Pikipiki huinama kwenye kona. Magurudumu matatu hayainami. Tuseme magurudumu ya nyuma yameachana sentimita 70, na kitovu cha uzito, mitungi ikiwa imepandana, kiko sentimita 90 juu ya ardhi. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 5, gurudumu la ndani litaanza kunyanyuka kabla hata hujafika kilomita 16 kwa saa, kwa kuwa mbele kuna gurudumu moja tu la kuegemea. Tena mwendo ukiongezeka maradufu, breki zina kazi mara nne, na hizi bado ni breki za baiskeli.

Zoezi: Mota huzunguka mara 300 kwa dakika kwa volti 60. Mwenyewe ana betri ya volti 48 na magurudumu ya inchi 20. (a) Tafuta mwendo wake hewani. (b) Kabla hajaingia kona tuliyoitaja, akiwa na mzigo ule ule, apunguze kwa kilomita ngapi? Onyesha hesabu yako, kwa Kiswahili.