Kuku mwenye kuteseka kila siku hapokei chanjo vizuri



Tukitembelea vijiji, tunasikia neno moja mara nyingi: "Tulichanja juu ya Newcastle, ile pseudopeste, na kuku wakakufa tu." Watu wanalaumu chanjo. Ni kweli, chanjo iliyokaa kwenye joto haina nguvu tena. Lakini iko sababu ingine tunayosahau: kuku mwenyewe anaishi katika mateso kila siku.

Ndani ya mwili kunapita nini?

Kuku akiona mbwa, ubongo wake unatuma amri. Tezi mbili ndogo karibu na figo zinamwaga homoni inayoitwa kortikosteroni. Sukari inapanda katika damu, kuku anapata nguvu ya kukimbia. Mbwa akienda, homoni inashuka. Hapo hakuna ubaya.

Ubaya ni wakati hatari haiishi: kubanana, kiu, joto, panya za usiku. Homoni inabaki juu siku kwa siku, na hasara ni tatu:

1. Ubongo unapunguza homoni za uzazi. Mayai yanapunguka ao yanakatika.
2. Mwili unakula nyama yake wenyewe ili kupata sukari. Kuku anakonda hata kama anakula.
3. Viungo vya kutengeneza askari wa mwili vinasinyaa: tezi za shingoni na, kwa kuku mdogo, kifuko kilicho karibu na mkundu.

Chanjo inafundisha askari hao kumjua adui. Kama askari ni wachache, itafundisha nani?

Tufanye nini mbele ya kuchanja?

- Kuku wakubwa wasipite 5 kwa metre moja ya mraba.
- Maji safi yawepo mchana wote. Kuku mkubwa anakunywa karibu robo ya litre kwa siku; wakati wa joto anaweza kufikisha nusu.
- Tuzibe matundu ya panya, kuku walale bila woga.
- Kuku wa sokoni tusiwabebe vichwa chini kwenye pikipiki. Tuwaweke kwenye kitunga chenye kupitisha hewa. Wakifika, wakae mbali na wengine kwa majuma 2.
- Tuwafungie jioni na kuwachanja asubuhi mapema, mbele ya kuwafungulia. Kuwakimbiza uwanja mzima ni kuwaongezea mateso.
- Kuku mgonjwa tusimchanje.

Kisha tone la chanjo katika jicho, tungoje karibu majuma 2 ili kinga ijengeke. Tone hilo linarudiwa kila miezi 3 ao 4.

Sehemu kubwa ya kazi hii haiombi franga. Inaomba macho ya mwenye kuku.

Maswali ya mkutano

1. Kuku zetu wanateswa na nini zaidi: kiu, kubanana, ao woga wa usiku?
2. Ni kitu gani kila nyumba inaweza kutengeneza mbele ya chanjo inayokuja?
3. Nani atapita kuangalia?