Kambare Mla-Mwani Katika Tangi la Darasani

Mto Mlali, kama vijito vingine vya Milima ya Uluguru, humwaga maji yake katika Bwawa la Mindu, na kutoka hapo maji hufuata Ngerengere hadi Ruvu. Katika mikondo ya kasi ya bonde la Ruvu huishi samaki mdogo wa jamii ya kambare, wa jenasi ya Chiloglanis. Midomo yake imepanuka mfano wa kikombe. Kwa hiyo huweza kung'ang'ania jiwe mkondo ukimpita, huku meno yake yakikwangua mwani na mabuu ya wadudu. Samaki huyu ni somo jema la biolojia, lakini mara nyingi hufa upesi atiwapo katika tangi la kioo.

Sababu ya kwanza ni oksijeni. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za Sentigredi huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifikia nyuzi 30 hubeba 7.6 tu. Kiumbe aliyezoea maji yanayoruka mawe hana budi kupatiwa pampu ya hewa, na tangi liwekwe mbali na dirisha lenye jua.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria waotao juu ya mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Basi mwalimu anayeosha mawe yote kwa sabuni kila Ijumaa hulirudisha tangi mwanzo, ingawa darasa zima humsifu kwa usafi. Yatosha kubadili robo ya maji kila wiki. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza siku nzima katika ndoo wazi.

Tena, si kweli kwamba mla-mwani huishi kwa uchafu wa tangi. Kioo kikisha kung'aa, njaa imeanza. Apewe mchicha uliochemshwa kidogo au kipande cha tango, jioni taa zikizimwa, maana wengi wa jamii hii hutafuta chakula usiku; na mabaki yaondolewe asubuhi.

Wauzaji wa samaki wa mapambo huuza pia kambare wenye magamba ya mfupa kutoka Amerika ya Kusini. Anunuliwapo huwa na sentimita 5, naye huweza kupita 40. Nchini Meksiko na Ufilipino samaki hao walitoroka, wakaenea mitoni na kuchimba mashimo katika kingo. Aliyemshinda mwenyewe atafutiwe tangi kubwa zaidi, wala asitupwe kijitoni Mlali, kwa kuwa chini yake kuna Mindu, na maji ya Mindu hunywewa mjini Morogoro.

Wakati wa kumhamisha, itumike kopo, si wavu: miiba ya mapezi hunasa nyuzi, na samaki hujeruhika akivutwa.