SOMO LA AFYA: VUMBI LA MADINI LISILOONEKANA



Vumbi la karafuu kavu twalijua sote. Likipanda wakati wa kujaza magunia hupiga mtu chafya, akajifunga kitambaa na kazi ikaendelea. Vumbi tutakalolisoma leo ni jingine. Halionekani kwa macho, wala halimpigishi mtu chafya. Nalo hutoka katika madini kama shaba na zinki.

Kwanza tujue udogo wake. Milimita moja ikigawanywa sehemu milioni 1, kila sehemu huitwa nanomita. Chembe za nano ni zile zisizozidi nanomita 100. Unywele wa mtu una unene wa kiasi cha nanomita 80,000. Basi chembe 800 za nanomita 100 zikipangwa mstari ndipo zitimie unene wa unywele mmoja. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, likatoka kwa makamasi na makohozi. Nyingi katika chembe hizi hupita, zikateremka hata vifuko vidogo vya mapafu, pale hewa inapokutana na damu.

Wataalamu huzichunguza kwa kukuza seli za mapafu ya binadamu ndani ya vyombo. Mwaka 2008 wataalamu wa Karolinska Institutet, nchini Uswidi, walizitia seli hizo oksaidi za shaba, zinki, titani na chuma. Ile ya shaba ndiyo iliyodhuru kuliko zote: iliua seli na kuharibu DNA, yaani uzi unaobeba maagizo ya uhai wa seli. Za chuma zilidhuru kidogo sana.

Kwa nini shaba? Seli huimeza chembe na kuitia katika kifuko chenye asidi, ambacho kazi yake ni kusaga taka. Humo chembe ya shaba huyeyuka, na shaba ikaenea ndani ya seli kwa wingi. Ni mfano wa mwizi aliyejificha ndani ya gunia: mlango wa ghala hakuuvunja, wenyewe tumembeba tukamwingiza.

Ama seli katika chombo si mtu mzima. Mapafu yana ute na njia zake za kujisafisha. Lakini khatari hii haikuishia katika vyombo vya wataalamu.

Moshi wa kuchomelea chuma umejaa chembe hizi. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka katika daraja la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tena, mwenye kuchomelea mabati au mabomba yaliyopakwa zinki aweza kushikwa na homa saa chache baada ya kazi: baridi, viungo kuuma, na ladha ya chuma mdomoni. Kwa kawaida hupoa kwa siku 1 au 2. Hapa kwetu mtu hudhani ni malaria, akameza dawa asiyoihitaji, kisha akarudi kwenye moshi ule ule.

Na mrututu je? Ukungu wa bomba la dawa si chembe za nano, lakini shaba ni ile ile. Mwaka 1969 madaktari wa Ureno walieleza ugonjwa wa mapafu uliowapata wanyunyizaji wa mizabibu waliotumia mrututu na chokaa.

Basi yatupasa kushika haya:

1. Kuchomelea kufanywe mahali peupe, upepo ukiuondoa moshi usoni. Zinki iondolewe kwanza pale patakapochomelewa.
2. Kitambaa hakizuii chembe hizi. Tumia barakoa ya N95 au FFP2, nayo ikae usoni bila mwanya.
3. Unaponyunyiza mrututu, upepo uwe mgongoni, na barakoa usoni.
4. Watoto wasikae karibu na kazi hizi.
5. Ukipata homa, kapimwe damu, nawe umwambie daktari kazi uliyoifanya siku ile. Kifua kikibana au pumzi zikiwa fupi, usingoje kesho.

Mkarafuu ukifa twaweza kupanda mche mwingine. Pafu halina kitalu. Mwanachama aliyesoma somo hili na amsomee fundi wake na kijana anayemshikia bomba, kwani wao ndio wanaouvuta moshi na ukungu huo kwa ajili yetu.